Majina 109 ya merikebu William and Sarah

Leo nakupeleka Philadelphia, kwenye koloni la Pennsylvania, mwezi Septemba mwaka 1727. Marekani tunayoijua bado haijazaliwa. Pale anatawala mfalme wa Uingereza. Merikebu moja iitwayo William and Sarah imetia nanga ikitokea Rotterdam, Uholanzi, na nahodha wake ni William Hill. Imebeba Wajerumani wapatao 400. Baraza la koloni likaletewa orodha ya abiria hao, nayo ilikuwa na majina 109.

Piga hesabu mwenyewe. Watu 400, majina 109. Hao karibu 300 waliobaki walishuka kwenye gati lile lile, wakalala kwenye mji ule ule, na wengine wakauguzwa humo humo. Lakini karani hakuwaandika, kwa sababu hakuwa na shida nao. Alichokuwa anakitafuta ni wanaume wenye umri wa kuanzia miaka 16, ambao wangeweza kula kiapo. Mke, binti, mama mzee na kitoto cha mgongoni hawakutakiwa kuapa, kwa hiyo hawakuwa na mahali kwenye karatasi.

Na kiapo chenyewe kilitokana na hofu. Gavana wa wakati huo, Patrick Gordon, pamoja na baraza lake, walikuwa wakitazama wageni wanavyomiminika na moyo hautulii. Hawa watu lugha yao hatuijui, wanakwenda kukaa peke yao huko mashambani, je, siku ikizuka vita watasimama na nani? Maneno hayo tumeyasikia hata juzi, katika nchi nyingine na midomo mingine. Basi ikaamriwa kwamba kila nahodha akabidhi orodha ya watu aliowaleta, na wanaume waape utii kwa mfalme wa Uingereza na kutia saini. Miaka ishirini na minne baadaye, mwaka 1751, Benjamin Franklin, mchapaji mashuhuri wa Philadelphia, naye alikuwa akiandika kwa kinyongo kwamba Wajerumani wataigeuza Pennsylvania iwe ya Kijerumani.

Leo orodha hizo ndizo dhahabu ya kila Mmarekani anayetafuta babu zake wa Kijerumani. Mwaka 1934 Ralph Strassburger na William Hinke walizichapisha katika juzuu tatu, kuanzia 1727 hadi 1808, na juzuu moja nzima ni picha za saini zenyewe. Ukizifungua kurasa zile unaona mkono wa mtu. Huyu ameandika jina lake kwa mapambo, huyu kwa herufi za kutetemeka, huyu hajui kuandika amechora msalaba na karani akamwandikia jina pembeni.

Lakini nataka niseme jambo moja ambalo watafutaji wengi wa nasaba hulipita kwa haraka. Karibu kila karatasi ya zama zile iliandikwa kwa haja ya mwenye kalamu. Serikali ilitaka kiapo, mwenye meli alitaka nauli yake, mtoza kodi alitaka kodi. Vitukuu hawakuwamo katika fikra za yeyote kati yao. Kwa hiyo anayetafuta ukoo aanze kwa kuuliza karani alitaka nini, kisha ndipo aulize babu yangu yuko wapi. Asiyeuliza hivyo atapotea, na mara nyingi atapotea akiwa na furaha, kwa kuwa amepata jina linalofanana na la kwao.

Kwenye meli nyingi kulikuwa na orodha tatu za watu wale wale. Ya kwanza ni ya nahodha, au ya karani wake, aliyeandika alivyosikia. Ya pili ni ya kiapo cha utii kwa mfalme. Ya tatu ni ya kiapo cha kumkana Papa na kumkana yule aliyekuwa akikidai kiti cha ufalme wa Uingereza. Mtu mmoja anaweza kuwa na tahajia tatu katika siku moja. Nahodha Mwingereza anasikia jina la mkulima wa bonde la Rhine, anaandika kama sikio lake lilivyoweza. Mkulima mwenyewe akishika kalamu anaandika jina jingine kabisa, na hilo lake ndilo la kuaminiwa. Ambaye hakujua kuandika, jina lake liko mikononi mwa karani milele.

Tuchukue ukoo mmoja unaojulikana. Mwaka 1741 alifika Philadelphia mtu aliyeitwa Hans Nikolaus Eisenhauer. Alitoka kijiji cha Karlsbrunn, ambacho leo kiko jimbo la Saarland, karibu na mpaka wa Ufaransa. Waingereza wa zama hizo walikuwa na jina moja la kuwaita Wajerumani karibu wote walioshuka pale: Wapalatini, yaani watu wa Palatinate, lile eneo la Pfalz kando ya mto Rhine. Awe ametoka Württemberg, Baden, Alsace au Uswisi, kwenye karatasi ni Mpalatini. Mtafiti akilichukua neno hilo kama anwani ya nyumbani, atapekua makanisa ya Pfalz hadi macho yaume, na mtu wake hakuwahi kukaa huko hata siku moja. Karlsbrunn haikuwa Pfalz.

Jina Eisenhauer likawa Eisenhower kadiri vizazi vilivyozoea tahajia ya Kiingereza. Mwaka 1878 ukoo ukahamia Kansas pamoja na waumini wenzao. Mwaka 1890 akazaliwa Dwight. Huyo ndiye Jenerali Eisenhower, aliyeongoza majeshi kushuka Normandy mwezi Juni 1944 kwenda kupigana na Ujerumani, kisha akawa rais wa Marekani mwaka 1953.

Hapa niondoe uongo mmoja. Wamarekani wengi watakwambia kwamba jina la kwao lilibadilishwa na ofisa wa uhamiaji wa Ellis Island. Kwanza, Ellis Island ilifunguliwa mwaka 1892, na babu anayezungumziwa pengine alishakufa miaka mia moja kabla. Pili, maofisa wa pale walikuwa wakisoma majina kwenye orodha zilizoandaliwa na kampuni za meli kabla ya safari. Hawakuwa na kazi ya kuwapa watu majina. Majina yalibadilika polepole, kwa mtoza kodi, kwa hakimu, kwa jirani Mwingereza, na mara nyingi kwa hiari ya mwenyewe. Zimmermann akawa Carpenter. Müller akawa Miller. Schneider akawa Snyder kwa mmoja, Taylor kwa ndugu yake. Ndugu wa tumbo moja wanazikwa katika makaburi mawili yenye majina mawili, na miaka mia baadaye wajukuu wao wanapishana njiani bila kujuana.

Na majina ya ubatizo ndiyo fujo zaidi. Familia moja inaweza kuwa na Johann Georg, Johann Peter na Johann Adam, wote hai, wote wa baba mmoja. Hilo Johann la mbele halikuwa jina la kumwitia mtu. Aliitwa kwa lile la pili. Lakini Johannes, peke yake, ni jina kamili la mtu mwingine. Mgeni wa mambo haya huwaunganisha watu watatu akatengeneza mmoja, akamwozesha wake watatu, kisha akauweka mti huo kwenye intaneti, na wenzake mia wakaunakili pamoja na kosa lake.

Sasa turudi nyuma kidogo ya ile merikebu, kwa sababu kuna daftari jingine ambalo mimi kama mtu wa redio nina haki nalo. Baridi ya mwaka 1709 iliua mizabibu na mifugo katika nchi za Ulaya, na bonde la Rhine lilikuwa limeshachoshwa na majeshi ya Ufaransa. Ikasambaa habari kwamba Malkia Anne wa Uingereza anagawa ardhi Amerika. Watu wapatao 13,000 wakateremka hadi London, wakapigiwa mahema katika viwanja kama Blackheath. Serikali ikabaki na mzigo. Mwaka 1710 kama 3,000 kati yao wakapakiwa merikebuni pamoja na gavana mpya wa New York, Robert Hunter, wakachemshe lami ya misonobari kwa ajili ya meli za kivita. Homa ikawashika njiani. Walipofika waliwekwa karantini kwenye kisiwa ambacho leo kinaitwa Governors Island, na mamia wakafa baharini na kisiwani humo.

Hunter alikuwa akiwalisha kwa mkopo, na alitaka kurudishiwa fedha zake. Kwa hiyo akaweka hesabu: jina la mkuu wa kaya, idadi ya wakubwa, idadi ya watoto wa chini ya miaka kumi, na kiasi cha chakula. Kaya za kwenye kambi za mto Hudson zinaonekana humo mara kwa mara kuanzia 1710 hadi fedha zilipomwishia mwaka 1712. Hakuna tarehe ya kifo humo, hakuna neno la huzuni. Lakini ukiifuata kaya moja kutoka hesabu hii hadi ile, unaona namba ya watoto imepungua kwa mmoja. Baadaye jina la mume linatoweka na la mke linasimama mahali pake. Mwanamke akawa mkuu wa kaya kwenye karatasi, kwa sababu tu kuna mkate wa kudaiwa.

Na kulikuwa na yatima. Hunter aliwagawa watoto kwa mafundi na wenye mashamba wawatumikie hadi wakue, na hata baadhi ya watoto ambao wazazi wao walikuwa hai walichukuliwa. Orodha ya kugawa ipo: jina la mtoto, umri, mzazi, na bwana aliyemchukua. Kwenye orodha hiyo yumo mvulana wa miaka 13, baba yake amefia safarini, mama yake ndiye aliyetajwa. Alipewa mchapaji aitwaye William Bradford. Mvulana huyo ni John Peter Zenger. Mwaka 1735 alifikishwa mahakamani New York kwa kuchapisha habari za kumkosoa Gavana William Cosby. Wakili Andrew Hamilton alisafiri kutoka Philadelphia kumtetea, na wazee wa baraza wakamwachia huru. Kesi hiyo husomeshwa mpaka leo kila inapozungumzwa haki ya gazeti kusema kweli. Sisi tunaokaa mbele ya maikrofoni tuna deni kwake.

Ila kuna mtu mmoja kutoka mkumbo huo ambaye aliandika kwa ajili ya ndugu, na ni haki nimtaje. Anaitwa Ulrich Simmendinger. Alikaa New York miaka kadhaa, akarudi Ujerumani, na mnamo 1717 akachapisha kijitabu kule Reutlingen chenye majina ya Wajerumani aliowaacha wakiwa hai ng'ambo, pamoja na mahali walipokaa. Alitaka waliobaki nyumbani wajue nani yuko hai. Kati ya karatasi zote ninazozitaja leo, hicho ndicho kijitabu ninachokipenda kuliko vyote.

Lakini wengi hawakupata mtu wa kuwaandika hivyo. Asiyekuwa na nauli alisafiri kwa deni, na merikebu ikifika, deni lile liliuzwa: tajiri anapanda, anachagua, analipa nauli, na mtu anamtumikia kwa miaka. Gottlieb Mittelberger, aliyevuka mwaka 1750 akisindikiza kinanda cha kanisa na kurudi kwao 1754, alieleza katika kitabu chake cha 1756 jinsi wazazi walivyotenganishwa na watoto, na jinsi waliobaki hai walivyobebeshwa nauli ya wafu wao. Mikataba mingi ya namna hiyo imepotea. Daftari la Philadelphia la 1771 hadi 1773 limebaki, na jingine la kuanzia 1785. Wengine utawakuta kwenye gazeti la Kijerumani alilolianzisha Christopher Saur kule Germantown mwaka 1739. Humo bwana anatangaza mtumishi aliyetoroka, na kwingineko mtu anamtafuta nduguye aliyeshuka kwenye meli nyingine.

Basi mtu anavukaje bahari kurudi kijijini kwa babu? Waliozoea kazi hii hawamfukuzii mtu mmoja. Wanafuata majirani. Wanafungua daftari la ubatizo la kanisa la Kilutheri au la Reformed huko Pennsylvania na kutazama wasimamizi wa ubatizo, kwa kuwa aliyemshika mtoto kwenye maji hakuwa mpita njia. Alikuwa shangazi, mjomba, au mtu wa kijiji kimoja. Wanatazama nani alishuhudia wosia, nani alipakana na shamba, nani alitia saini jirani yake siku ya kiapo. Johannes Müller ni wengi kama mchanga, lakini Johannes Müller mwenye wale wasimamizi, yule shemeji na wale majirani watatu ni mmoja tu. Kundi hilo likionekana tena katika daftari la kijiji kimoja cha Ujerumani, mlango umefunguka.

Huko Ujerumani nako kuna kalamu zenye haja zake. Katika maeneo mengi mkulima alikuwa chini ya miliki ya bwana wa nchi, hivyo kabla ya kuondoka alilipa kufunguliwa, na mali aliyoondoka nayo ikatozwa kodi. Waliolipa wako kwenye vitabu. Waliotoroka usiku hawako, isipokuwa pale mchungaji alipoongeza baadaye pembeni mwa jina la mtoto kwamba amekwenda Amerika. Na maandishi yenyewe ni ya mwandiko wa zamani uitwao Kurrent, ambao hata Mjerumani wa leo hausomi bila kufundishwa. Wasomi wetu wanaufahamu ugumu huo. Majalada ya utawala wa Kijerumani yaliyohifadhiwa kwenye Nyaraka za Taifa jijini Dar es Salaam, ambayo UNESCO iliyaingiza katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1997, yana kurasa za mwandiko huo huo.

Kuna na mtego wa tarehe. Makoloni ya Uingereza yalibadili kalenda mwaka 1752: watu walilala Septemba 2 wakaamka Septemba 14. Kabla ya hapo mwaka wao ulianza Machi 25. Mtoto wa Februari anaweza kuonekana amezaliwa kabla ya harusi ya wazazi wake, na kumbe wazazi hawana kosa lolote.

Nilisema wanawake hawakuandikwa. Walikuja kuandikwa, na hapa pana kisa. Mwaka 1836 na 1838 bunge la Marekani lilipitisha sheria za kuwalipa pensheni wajane wa askari waliopigania uhuru. Ajuza wa miaka themanini anaambiwa athibitishe kwamba aliolewa kweli na yule askari. Cheti cha ndoa hana. Alichonacho ni Biblia ya nyumbani yenye ukurasa wa majina, au karatasi ya ubatizo ya Kijerumani iliyokunjwa sandukuni. Karatasi hizo ni nzuri kuzitazama: ndege wa rangi nyekundu na kijani, maua ya tulipu, mioyo, malaika pembeni, na katikati maandishi kwamba mtoto fulani alizaliwa na fulani na mkewe halali, ambaye kwao ni ukoo fulani, akabatizwa na mchungaji fulani mbele ya wasimamizi fulani. Jina la ukoo wa mama liko pale, wazi. Ajuza akaichukua karatasi yake, akaituma Washington, na haikurudi. Karatasi hizo ziko hadi leo katika majalada ya pensheni ya Nyaraka za Taifa za Marekani. Kuna familia zinazolijua jina la bibi yao kwa sababu hiyo tu, kwamba alidai haki yake na ofisi ikamtilia shaka.

Sensa haikusaidia sana. Ya kwanza, ya mwaka 1790, iliandika mkuu wa kaya peke yake na kuhesabu waliobaki. Mpaka 1850 ndipo kila mtu huru alipoandikwa kwa jina lake. Nasema mtu huru, kwa kuwa mwaka huo huo wa 1850, na tena 1860, watumwa waliorodheshwa kwenye karatasi zao za pembeni: jina la mmiliki, kisha umri, jinsia na rangi ya kila mtumwa. Majina yao hayakuwekwa, isipokuwa kwa wachache sana. Walikuwamo Wajerumani walioliona hilo mapema. Mwaka 1688, miaka mitano tu tangu Germantown ianzishwe, Francis Daniel Pastorius na wenzake watatu waliandika waraka wa kupinga kununua na kuuza watu. Wakubwa wa dini yao waliupokea, wakaupeleka ngazi ya juu, na ukaishia huko.

Kwa hiyo Mmarekani mwenye babu Mjerumani, hata aliyefika na deni la nauli, ana nafasi nzuri ya kuisoma saini ya mzee huyo kwa macho yake. Jirani yake ambaye babu zake waliletwa kutoka Afrika kwa minyororo anarudi nyuma hadi 1870, sensa ya kwanza iliyowaandika kwa majina wale waliotoka utumwani. Akitaka kuvuka hapo, inambidi alitafute jina la mtu aliyewamiliki, kisha apekue wosia wake, hati zake za mauzo na hesabu ya mali yake, kwa sababu ndimo babu zake walimoandikwa.